Mabakuli Mawili na Mwiko wa Mama Mkwe

Jamani, habari hii nimeificha karibu mwaka mzima, na kama si mke wangu kuwasimulia dada zake wote nisingefungua mdomo, lakini kwa kuwa imeshafika mpaka Kibimba kwa wazazi wangu ikiwa imetiwa chumvi ya kutosha, afadhali niiseme mwenyewe ilivyokuwa: mimi, mwalimu wa kemia mwenye miaka kumi na moja kazini, nilishika maiki mbele ya wazazi, wanafunzi na afisa kutoka wilayani, nikamshitaki mwalimu mwenzangu kwa udanganyifu ambao haukuwepo, na aliyenivua nguo hadharani (kwa aibu namaanisha, nguo nilikuwa nazo, tena suti nyeusi) alikuwa mama mkwe wangu.

Mimi ni Mhangaza wa Ngara, ila nafundisha upande wa Biharamulo, sekondari ya kata iliyo jirani na Nyamahanga, na nilioa huko huko. Mke wangu Kabula ni binti wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Alijifungua mtoto wetu wa kwanza, Limi, kwa upasuaji, na kwa desturi angekwenda kwao kulelewa, lakini daktari alikataza safari ya pikipiki kwenye ile barabara yenye makorongo, basi mama yake ndiye akaja kwetu. Sasa kwa wasiojua, mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Si ugomvi, ni heshima. Hamkai chumba kimoja, hamtazamani usoni, hamzungumzi moja kwa moja, na yeye hali chakula changu. Mayu (ndivyo tunavyomwita, ni mama kwa Kisukuma) alikuja na unga wake, chumvi yake, na sufuria yake. Mimi nikirudi kazini nilikuwa nakohoa mlangoni kwangu mwenyewe kama mgeni, nikisikia mlango wa nyuma umefungwa ndipo naingia. Nilikohoa mwezi ule mpaka jirani akaniletea asali.

Mwezi huo huo mkuu wa shule akatangaza siku ya sayansi. Afisa angekuja kutukagua, na mkuu alitaka aone tunavyohangaika ili atuombee maabara ya maana, kwa hiyo kila mwalimu wa sayansi aandae jambo moja la kumwonyesha. Mimi nikachagua fuwele, kwa sababu ndilo jambo lililonifanya niipende kemia tangu chuoni.

Ngoja niwaeleze, si gumu. Kuna chumvi inaitwa kloreti ya sodiamu (si ya kula, ni sumu, hilo mlishike). Ukiiyeyusha kwenye maji ya moto, chembe zake hazina kulia wala kushoto, ziko tu, upande wowote ukizitazama ni zile zile. Lakini maji yakipoa na kupungua zinaanza kushikamana kuwa fuwele, na katika kushikamana zinajipanga kwa kujizungusha, na kila fuwele inachagua: ama izunguke kulia, ama izunguke kushoto. Ni kama jozi ya kandambili, zinafanana kila kitu ila ya kulia haikai mguu wa kushoto. Na hakuna aliyeiambia ichague. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi nikiwa kijana, kwamba kitu kisicho na upande kinajitafutia upande chenyewe.

Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Unahitaji karatasi mbili za plastiki zile zinazobanduliwa kwenye vioo vya televisheni mbovu, na mimi nilizipata Nyakanazi kwa fundi aliyekuwa na televisheni iliyopigwa na radi. Unaweka fuwele katikati ya karatasi hizo, unaizungusha ya juu kidogo tu, na fuwele za upande mmoja zinakuwa bluu, za upande wa pili zinakuwa kahawia. Ukiacha maji yatulie zinatoka nusu kwa nusu, au karibu na hapo. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu la chuo, na chini yake kwa wino mwekundu niliandika ITULIE nikapiga mistari miwili. Kwa nini itulie sikumuuliza mwalimu wangu, na yeye hakusema, na mimi kwa miaka kumi na moja sikujiuliza.

Sasa uamuzi mdogo ulioniponza ni huu. Wiki ile chumba tunachokiita maabara kilikuwa kinapakwa chokaa kwa ajili ya mgeni, vumbi jeupe limejaa kila mahali, nikaona maji yangu yatachafuka, nikayapeleka nyumbani. Tena nikaona vile visahani vya shule ni vidogo, afisa hataona vizuri, nikachukua mabakuli mawili ya kioo tuliyopewa zawadi ya harusi, nikamimina humo, nikayaweka juu ya kabati. Sumu, kwenye mabakuli ya chakula, kwenye nyumba yenye mzazi na mtoto mchanga. Na mwalimu wa kemia ni mimi, sina cha kujitetea. Kabula nilimwambia asiguse. Mayu sikumwambia, ningemwambiaje, na Kabula nilisahau kumtuma amwambie, nikakohoa zangu nikaondoka kwenda kusimamia mtihani.

Siku ya nne nikachungulia, fuwele zipo. Zilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia na nyingi mno, kama mchele uliovunjika, lakini nilifurahi kiasi kwamba sikujiuliza. Nikayamwaga maji, nikakausha, na jioni ya kuamkia sherehe nikapeleka mabakuli shuleni, nikayafungia stoo pamoja na zile karatasi za televisheni. Sikuzipima. Nilijua zitakavyokuwa.

Ufunguo wa pili wa stoo alikuwa nao Mwalimu Restituta, wa fizikia, binti mkimya wa mwaka wa kwanza kazini, ambaye alikuwa anasubiri kuthibitishwa. Wiki moja nyuma aliniomba zile karatasi ili afundishie mwanga, nikamnyima (nilimwambia zitachubuka), akasema sawa, ila kwa ile sawa ya mtu ambaye hajaridhika. Kumbukeni hilo, kwa sababu mimi nililikumbuka vibaya.

Asubuhi ya sherehe turubai limefungwa ubavuni mwa maabara, wazazi wamejaa, akina mama wanapika pilau nyuma, na afisa amekaa mbele na shajara yake. Kabula alikuja na mtoto. Mayu naye alikuja, akakaa mwisho kabisa nyuma ya wanawake wote, akageuza kiti akatazama mashamba, ili asinitazame mimi, maana heshima ni heshima hata kwenye siku ya sayansi. Nikashika maiki. Nilizungumza vizuri siku ile, niwaambie ukweli, nilizungumza mpaka nikajipenda. Nikasema, "Ndugu wazazi, maumbile hayana upendeleo. Hamsini kulia, hamsini kushoto, na mgeni wetu atahesabu mwenyewe." Nikamkaribisha afisa, nikamshikia karatasi ya juu, akainama.

Akatazama bakuli la kwanza kwa muda mrefu. "Mwalimu," akasema, "naona bluu tu."

Nikamwambia aendelee kutazama, huenda macho hayajazoea. Akasema macho yake hayana tatizo. Nikainama mwenyewe, na kweli, bluu, bluu, bluu, bakuli zima, hakuna hata moja ya kahawia. Nikacheka kidogo kwenye maiki (hicho kicheko Kabula hukiigiza mpaka leo), nikasema tuangalie la pili. La pili lilikuwa kahawia tupu.

"Ulisema nusu kwa nusu," afisa akasema, na maiki ilikuwa wazi. "Hapa mmechambua, kama mchele na chuya. Mnanionyesha nini?"

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha sherehe, lakini mimi kilinichoma, kwa sababu mbele walikaa wanafunzi wangu wa kidato cha nne na nao walikuwa wanacheka. Na kichwani mwangu hesabu ikafanyika haraka: fuwele zimetenganishwa, za kulia huku, za kushoto kule, kazi hiyo haiwezekani bila zile karatasi, karatasi zililala stoo na mabakuli, na wenye ufunguo ni wawili. Mtu mwenye busara angesema samahani mheshimiwa, kuna hitilafu, tuendelee. Mimi nikasema, tena polepole ili isikike mpaka jikoni, "Kuna mtu amezichambua usiku ili kuniharibia. Ufunguo ninao mimi na Mwalimu Restituta. Na mimi sikuzichambua."

Afisa akafungua shajara yake akamwita Restituta mbele.

"Jina lako kamili."

Akalitaja.

"Umeshathibitishwa kazini?"

"Bado, mheshimiwa."

Akaandika. Sijui aliandika nini ila aliandika mistari mitatu, niliihesabu. Restituta alisimama mikono nyuma, akasema, "Sijafungua stoo tangu Jumatatu. Sijagusa kitu cha mwalimu." Sauti yake ilikuwa ndogo, na maiki nilikuwa nayo mimi, kwa hiyo waliomsikia ni sisi wa mbele tu. Nilimjua yule binti, hakuwahi kuchelewa kipindi hata kimoja, na sasa kwa maneno yangu angeweza kurudi kwao Bukoba bila kazi. Lakini nilikuwa nimeshasema, na mtu akishasema mbele ya watu mia mbili ulimi unakuwa mzito kurudi nyuma. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kunakoniumiza zaidi kuliko maneno yenyewe.

Ndipo nikaona wanawake wanapisha njia. Mayu alikuwa anakuja. Alijifunika kitenge kichwani, akatembea ubavu ubavu ili uso wake usielekee kwangu, akafika mbele ya afisa akanipa mgongo. Afisa akasimama, akamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyo binti mwache," Mayu akasema. "Aliyegusa ni mimi."

Jamani, kama ardhi ya Biharamulo ingekuwa na mlango ningeingia.

"Wewe ndiye ulizichambua?" afisa akauliza.

"Sikuchambua kitu. Nilikologa tu." Akavuta pumzi. "Niliona mabakuli ya mwanangu juu ya kabati, yana maji. Siku ya pili nayatazama, yanataka kuganda. Nikasema baba Limi amesahau kitu chake. Kwetu kitu kikitaka kuganda unakologa, ukikiacha kinashika mabonge. Kumuuliza siwezi, ni mkwe wangu. Kabula alikuwa amelala na mtoto. Nikachukua mwiko, nikakologa la kwanza pole pole mpaka nikaona vichembe vyeupe vinacheza. Nikaosha mwiko kwa maji ya moto, nikauanika juani ukakauka. Halafu nikakologa la pili."

Watu wakaanza kunong'ona, na mimi nikasahau fuwele, nikasahau afisa, nikasahau desturi ya kwao na ya kwetu. Nilichokiona ni mwiko ule, na mkono wa mpishi yeyote duniani unaopeleka mwiko mdomoni kuonja. Nikasema kwenye maiki, moja kwa moja kwake, maneno ya kwanza kabisa niliyowahi kumwambia, "Mayu, ulionja?"

Wanawake wakashika vinywa. Mkwe anamwita mama mkwe wake kwa spika mbili. Mayu hakugeuka. Akamwambia afisa, kwa utulivu, "Mwambie baba Limi kwamba mimi sionji cha mkwe. Na mwiko niliuosha tena, nikauweka mbali na vyombo."

Nilifurahi, nawaambieni kweli, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amefumbua macho. Nikajiegemeza ukutani nipumue, na ukuta ulikuwa ule wa maabara, uliopakwa chokaa jana yake, kwa hiyo kuanzia hapo habari yote iliyobaki mnione nimevaa suti nyeusi yenye mgongo mweupe, na hakuna hata mmoja aliyeniambia mpaka jioni.

Aliyezinduka kwanza alikuwa Restituta. Alimsogelea Mayu akamwuliza kwa heshima, "Mama, kwa nini uliosha mwiko kabla ya bakuli la pili?"

"Wewe hukamui ng'ombe?" Mayu akamjibu. "Maziwa ya kibuyu hiki hupeleki mwiko wake kwenye kibuyu kile. Yale ya kwanza yanayageuza ya pili yafanane nayo."

Restituta akafumba macho kidogo, kisha akamgeukia afisa. "Mheshimiwa, nafikiri ndiyo hivyo hivyo. Maji yakitulia, fuwele zinaanza sehemu nyingi, kila moja kivyake, ndiyo maana zinatoka mchanganyiko. Ukikoroga, ya kwanza kuzaliwa inagongwa na mwiko, inavunjika vipande vidogo vidogo, kila kipande kinakua, na vyote vinafuata upande wa ile ya kwanza. Bakuli lote linakuwa ukoo mmoja. Na kwa kuwa mama aliosha mwiko, hakubeba mbegu kutoka bakuli la kwanza, la pili likajichagulia lenyewe."

Pale ndipo nilipoona daftari langu kwa macho ya moyo, ITULIE, mistari miwili. Miaka kumi na moja nimekuwa nikifundisha neno nisilolijua maana.

Afisa alikuwa mtu wa kutaka ushahidi. Akasema maneno ni mazuri, lakini mistari aliyoiandika haifutiki kwa maneno, na kwamba anakwenda Nyakanazi kujaza mafuta na kuonana na watu, atarudi saa kumi, akute jambo hili limerudiwa mbele ya watu. Nikachukua chupa ya kloreti, nikawasha jiko la mafuta, nikatafuta bika ya shule, kile kikombe cha kioo cha maabara. Restituta hakutaka kusaidia. Alisema, "Koroga wewe, mwalimu. Mimi nitakaa pale kwenye kiti, mikono nimeiweka mapajani, kila mtu aione."

Nikakoroga. Nilikoroga tangu maji yalipoanza kupoa, sahani za pilau zikapita pembeni sikula, mkono ukafa ganzi, na kila nikiinua macho namwona Restituta kwenye kile kiti, mikono mapajani, hajala na yeye. Niliogopa mno. Kama zingetoka mchanganyiko, basi maelezo yake yangekuwa ya uongo, na mistari mitatu ingebaki pale pale, na ningekuwa nimemmaliza mtu. Sijawahi kuomba Mungu kwa ajili ya chumvi kabla ya siku ile. Mzee mmoja wa kamati alinisogelea akaniuliza kama naweza kupumzika, nikamwambia siwezi, akaniambia basi nibadili mkono.

Saa kumi na robo afisa alirudi. Fuwele zilikuwa ndogo kama punje za ulezi, tukalazimika kutumia kioo cha kukuzia. Nikaweka karatasi ya chini, nikaweka ya juu, na kabla sijaizungusha afisa akaichukua akaizungusha mwenyewe. Akatazama. Akahama huku, akahama kule, akatazama tena.

"Kahawia," akasema. "Zote kahawia."

"Na kama zingekuwa bluu?" mkuu wa shule akauliza.

"Zingekuwa bluu zote," Restituta akajibu kutoka kwenye kiti chake. "Ya kwanza ndiyo inayoamua, na ya kwanza haiamuliwi na mtu."

Afisa akafungua shajara, akaikata ile mistari mitatu mmoja baada ya mwingine, akamwonyesha Restituta ukurasa ili aone kwa macho yake. Nikamwendea Restituta, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nisamehe, nilikosea."

Akanitazama. "Asubuhi hukunong'ona," akasema.

Basi nikarudi kwenye maiki. Wengine walikuwa wameshaanza kuondoka, nikawaomba wasimame, na nikasema jina lake kamili kama alivyolitaja, nikasema hakugusa kitu, nikasema nilimsingizia kwa sababu nilichekwa na kwa sababu sikuijua kazi yangu vizuri, na kwamba kilichotokea amekieleza yeye siyo mimi. Kisha nikamshukuru Mayu, bila kumtazama. Restituta ndipo akaitoa mikono mapajani, akaenda kuchukua sahani ya pilau lililopoa, akala lote.

Mabakuli ya harusi niliyavunja na kuyafukia mbali na nyumba, na Kabula alininunia wiki mbili kwa ajili hiyo, zaidi kuliko alivyoninunia kwa mengine yote. Limi alipotimiza miezi miwili Mayu alirudi kwake, akiwa mzima wa afya, na bado tunazungumza kupitia kwa Kabula, ila ninapokuwa na kitu cha hatari ndani ya nyumba natuma ujumbe siku hiyo hiyo. Na nimeapa, tena mbele ya mke wangu, kwamba jambo likinishinda kulielewa nitasema silielewi kabla sijatafuta mtu wa kubebeshwa lawama. Barua ya Restituta ya kuthibitishwa kazini ilikuja muhula uliofuata. Aliiweka mezani kwangu akaenda kwenye kipindi, nikaisoma mara tatu, na nilipoikunja niliona nimeilowesha pembeni kwa machozi, ikabidi niipepee dirishani ikauke kabla hajarudi.